Mvinyo wa matunda ya kopo: kwa nini dumu lilivimba, likanuka, na kinywaji kikabaki kitamu

Swali limetoka kwa dada mwenye duka la vyakula Moshi. Amebakiwa na makopo ya mananasi na pichi ambayo tarehe yake inakaribia. Alichukua makopo 3 ya mananasi, kila moja gramu 850, akayamimina kwenye dumu la maji la lita 5 pamoja na kilo 2 za sukari na kijiko cha hamira ya mkate, akajaza maji na kukaza kifuniko. Kesho yake dumu lilikuwa limevimba mpaka akaogopa kuligusa. Wiki moja baadaye likaanza kutoa harufu ya mayai viza. Sasa ni miezi miwili, povu limekwisha, kinywaji ni kitamu kupita kiasi na hakitakati. Anauliza alikosea wapi, kama kinaweza kuokolewa, kama kina methanoli (kilevi cha sumu) itakayomdhuru mtu, na ayafanyeje makopo yaliyobaki.

Dada, nianze na hofu ya methanoli, kwa sababu sitaki uendelee kusoma ukiwa na wasiwasi. Kinywaji cha matunda kilichochachushwa kwa hamira na kisichokenekwa hakina methanoli ya kumpofusha wala kumuua mtu. Kiasi kidogo sana hutoka kwenye pektini ya tunda, na hicho kimo hata kwenye mvinyo wa zabibu wa dukani. Vifo tunavyovisikia vina chanzo kingine. Mei 2014 huko Kenya, Embu, Kitui, Makueni na Kiambu, makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka kwa sababu ya pombe iliyochanganywa na methanoli ya viwandani. Aliyeitia alitaka kuongeza ukali kwa bei rahisi. Wewe hukutia kitu kama hicho, wala usikeneke. Gongo ni jambo lingine kabisa, kwa sheria na kwa hatari, na jibu hili haliligusi.

Sasa kwenye dumu lako. Makopo hayana kosa. Mananasi na pichi za kopo hutoa mvinyo mwepesi mzuri wa kunywewa baridi, na watengenezaji wa nyumbani Uingereza na Marekani wameyatumia kwa miaka mingi, hasa majira ya baridi ambapo matunda mabichi ni ghali. Ila tunda la kopo si tunda bichi lililofungiwa. Ni tunda lililopikwa, na ule moto umeua karibu kila kitu ambacho mtengeneza mvinyo hukitegemea bila kujua. Kazi yako ni kujua nini kimeuawa ukakirudisha kwa mkono wako.

Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia yake ya kuhifadhi chakula kwa kukifunga chomboni bila kuacha hewa ipite na kukichemsha. Mwaka huo huo Peter Durand akapewa hataza London kwa njia ya namna hiyo, vyombo vya bati vikiwemo. Wote wawili waliona chakula hakiozi, lakini sababu haikujulikana mpaka Louis Pasteur, katika miaka ya 1850 na 1860, alipoonyesha kwamba kuchacha na kuoza ni kazi ya viumbe hai wadogo. Moto wa kopo huwaua hao, na hamira ni mmoja wao. Kwa hiyo kila linalofanya nanasi lako likae rafuni miaka miwili ndilo linalolifanya ligome kuwa mvinyo.

Linganisha na zabibu za Makutupora kule Dodoma. Zabibu hukamuliwa ikiwa na sukari yake ya kutosha, asidi yake, tanini ya maganda (ule ukakasi unaokamata mdomo), chakula cha hamira, na mara nyingi hamira pori juu ya ganda. Huongezi maji. Mgema wa mnazi naye hahitaji kutia kitu: tembo linaanza kuchacha likiwa bado kwenye kibuyu juu ya mti. Kopo la mananasi halina lolote katika hayo isipokuwa sukari na asidi kidogo, na wewe ukaongeza maji juu yake, maana yake hata kile kidogo ukakigawanya mara mbili.

Tuanze na sukari, maana hapo ndipo mvinyo wako ulipoharibikia. Kanuni ya kushika ni hii: karibu gramu 17 za sukari katika kila lita hutoa asilimia 1 ya kilevi. Mvinyo wa asilimia 11 unahitaji gramu 187 kwa lita, na kwa lita 5 ni gramu 935 jumla, ikihesabiwa pamoja na ile iliyokwisha kuwemo kwenye kopo. Shira ya kopo ni sukari pia, na wengi huisahau. Soma lebo, mstari wa sukari kwa gramu 100, na uangalie kama hesabu hiyo ni ya vipande pamoja na shira yake au ya vipande vilivyochujwa. Tuchukue mfano wa gramu 15 kwa kila gramu 100 za kopo zima. Makopo 3 ya gramu 850 ni gramu 2,550, kwa hiyo ndani yake kuna sukari ya karibu gramu 380. Ulichohitaji kuongeza ni gramu 550 hivi, nusu kilo na kidogo. Uliongeza kilo 2.

Fanya hesabu ya dumu lako: kilo 2 na gramu 380 ndani ya lita 5 ni gramu 476 kwa lita. Ingekuwa hamira inaweza kuila yote, ungepata kinywaji cha asilimia 28. Hakuna hamira ya mkate inayofika huko. Kwa kawaida huchoka ikifika kwenye asilimia 10 au 12, na ikianza kazi ndani ya shira nzito namna hiyo huchoka mapema zaidi, kwa sababu sukari nyingi huivuta maji kutoka mwilini mwake. Ilikula ilichoweza, ikasimama, na sukari iliyobaki ndiyo utamu unaoulalamikia. Watu wengi huamini kwamba sukari ikizidi pombe huwa kali zaidi. Inakuwa hivyo mpaka kiwango fulani, na baada ya hapo ni jamu ya kunywa.

Kuvimba kwa dumu kuna hesabu yake pia. Sukari inapogeuka, karibu nusu ya uzito wake huondoka kama gesi ya kaboni dioksaidi. Zile gramu 935 za mapishi sahihi zinatoa zaidi ya lita 200 za gesi katika wiki chache. Hakuna dumu wala chupa ya kuifungia gesi hiyo. Plastiki ilikuonya kwa kuvimba. Chupa ya kioo isingekuonya, ingepasuka. Usikaze kifuniko kamwe wakati kinywaji kinachacha. Siku za mwanzo tumia ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa safi, na baadaye dumu lenye kizibo kilichotobolewa na kupitishwa mrija, ncha ya pili ya mrija ikizama kwenye glasi ya maji. Gesi inatoka kwa mapovu, hewa na wadudu hawaingii.

Harufu ya mayai viza ni njaa. Hamira inahitaji naitrojeni na vitamini, hasa thiamini, kama kiumbe chochote kinachokua. Moto wa kopo umepunguza thiamini, maji yamepunguza naitrojeni, na sukari ya dukani haina hata kimoja. Hamira yenye njaa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ndiyo uliyoinusa. Haina maana kwamba kinywaji kimeoza, na mara nyingi dawa yake ni rahisi ukiiwahi: mimina kinywaji kutoka chombo kimoja kwenda kingine kwa kelele na povu ili harufu itoke, kisha uipe hamira chakula. Baada ya wiki nyingi harufu hujishika na mambo huwa magumu.

Chakula cha hamira kinauzwa na wenye vifaa vya mvinyo, na kikubwa ndani yake ni daiamonia fosfeti ya daraja la chakula, karibu gramu 1 kwa lita. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu wewe una duka na jirani yako huenda anauza pembejeo. Daiamonia fosfeti ni DAP, na DAP ndiyo ile mbolea ya kupandia ambayo kila mkulima anaijua. Usitumie ya mbolea. Haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la binadamu, na inaweza kuwa na metali nzito kama kadmiamu. Ukikosa ya chakula, kuna njia ya jikoni ninayoipenda: chukua kijiko cha chai cha hamira ya mkate, ichemshe katika nusu kikombe cha maji kwa dakika 10, iache ipoe, mimina yote. Hamira iliyokufa hulisha hamira hai. Zabibu kavu ambazo watu hupenda kutia husaidia ladha zaidi kuliko lishe.

Na kutotakata? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni pektini, ile inayogandisha jamu. Joto la kopo limeitoa kwenye nyuzi za tunda na kuiyeyusha, na haitulii chini hata ukisubiri mwaka. Katika tunda bichi vimeng'enya vya tunda lenyewe husaidia kuikatakata, lakini katika kopo vimeuawa. Dawa ni kimeng'enya cha pektinesi, unga au matone, kinachotiwa kabla ya hamira. Usidhani papai bichi litakufanyia kazi hiyo. Kimeng'enya chake hukata protini, hakigusi pektini. Sababu ya pili ni hamira ya mkate yenyewe. Ilichaguliwa kwa ajili ya kuumua unga, hakuna aliyejali kama inatulia chini vizuri, kwa hiyo huelea na mashapo yake ni mepesi, yakitikiswa kidogo yanapanda tena. Mvinyo wenye mawingu haumdhuru mtu. Ukikosa pektinesi, uunywe ulivyo.

Kabla ya kufungua kopo jingine, soma viambato. Matunda ya kopo ya kawaida hayahitaji kemikali ya kuhifadhi, kwa sababu moto umeshafanya kazi hiyo, lakini bidhaa nyingine za jirani zake, kama juisi za kuchanganya na matunda ya vikombe vya plastiki, huwa nazo. Ukiona potasiamu sobeti (E202) au sodiamu benzoeti (E211), liweke pembeni ulile kwa kijiko. Vihifadhi hivyo viliwekwa ili kuizuia hamira, na vitaizuia hata yako. Asidi ya sitriki (E330) na vitamini C (E300) hazina shida. Matunda yaliyotiwa wanga kwa ajili ya kujaza keki usiyatumie, utapata uji. Yaliyowekwa kwenye juisi yake yenyewe ndiyo ninayoyapendelea, kwa kuwa kila unachomimina kina ladha ya tunda. Shira ni maji na sukari, na sukari unayo dukani kwa bei rahisi zaidi.

Kuhusu tarehe: kwa makopo mazima, tarehe ya ubora inazungumzia ladha na rangi zaidi kuliko usalama, hivyo makopo yako yanafaa. Lakini kopo lililovimba, lililobonyea kwenye mshono, lenye kutu inayopenya au linaloruka povu ukilifungua, litupe bila kuonja. Usiseme kuchacha kutaliua lililomo. Na usichachushie ndani ya kopo hata siku moja, wala kwenye sufuria ya alumini au ndoo ya bati. Asidi ya matunda hula metali. Ndoo ya plastiki ya chakula, kioo, au chuma kisichoshika kutu basi. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au sabuni halifai hata ulioshe wiki nzima.

Sasa mapishi, kwa lita 5, mananasi. Osha vyombo vyote kwa maji moto, kisha viloweke kwenye maji yenye jiki isiyo na manukato, kijiko cha chakula 1 kwa lita 4, robo saa. Halafu suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, suuza kwelikweli, kwa sababu mabaki ya klorini huupa mvinyo harufu ya stoo yenye unyevu. Chemsha lita 2 na nusu za maji, yeyusha gramu 550 za sukari, acha vipoe. Fungua makopo 3, ponda vipande kwa mkono ulionawa au kwa mwiko, vifunge kwenye kitambaa cha kuchujia kilichochemshwa, weka ndoo ya lita 10 pamoja na juisi au shira yote. Mimina maji ya sukari juu yake. Kamulia malimao 2. Nanasi lina asidi yake ya sitriki, lakini umeigawanya kwa maji, na mvinyo usio na asidi ya kutosha huwa hauna ladha mdomoni na bakteria huupenda. Tia kikombe kimoja cha chai ya rangi iliyokolea, bila sukari, kwa ajili ya tanini. Wengi huiruka chai hii wakidhani ni mbwembwe. Ndiyo inayoupa mvinyo mshiko. Bila hiyo utakunywa juisi yenye kilevi.

Kama una pektinesi, itie sasa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, funika, acha saa 12. Kama una haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari, ichovye: ukisoma karibu 1.070 hadi 1.075 uko sawa. Sehemu ya sukari bado imo ndani ya vipande, kwa hiyo kipimo cha kwanza hudanganya kidogo kwa kushuka.

Hamira. Ukiweza kuagiza hamira ya mvinyo kutoka Dar es Salaam au Nairobi, iagize. Pakiti ya gramu 5 inatosha lita 20 na zaidi, na ni nyepesi kusafirisha. EC-1118 ni ngumu, huvumilia shida na hutulia chini vizuri. 71B huacha harufu ya tunda zaidi na mvinyo wake hunyweka mapema. Kwa nanasi ningechukua hiyo. Ukikosa zote, hamira ya mkate ya chembechembe, kijiko cha chai 1, itafanya kazi kwa asilimia 10 au 11, ila uwe mvumilivu zaidi wakati wa kutakata. Iamshe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 35 hadi 40, robo saa, kisha ongeza humo vijiko kadhaa vya juisi yako ili izoee, ndipo umimine yote ndooni. Kuimwaga kavu juu ya shira baridi ni kuiua nusu yake. Chakula cha hamira kigawe mara mbili: nusu leo, nusu siku ya tatu.

Joto ndilo litakalokusumbua Moshi. Januari na Februari mchana hupita nyuzi 30, na hamira ikifanya kazi huongeza joto lake juu ya hilo. Ikizidi nyuzi 28 hivi hutoa vilevi vizito vyenye ukali wa kuchoma koo, na harufu nzuri ya nanasi huondoka na gesi. Lenga nyuzi 18 hadi 25. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ifunike kwa khanga kuukuu iliyolowa, ncha zake zikigusa maji, mahali penye upepo na kivuli. Maji yanayokauka huondoa joto, jinsi mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Au subiri Juni na Julai, ambapo hali ya hewa yenyewe inakufanyia kazi.

Siku 4 hadi 6 za kwanza koroga asubuhi na jioni na kubonyeza kitambaa cha matunda kizame. Ndani ya saa 24 hadi 48 utaona povu. Usipoliona, tatizo ni joto, hamira iliyokufa au kihifadhi ulichokipita kwenye lebo. Povu likipungua, nyanyua kitambaa kidondoke chenyewe. Usikikamue kwa nguvu, utaingiza matope yote. Hamisha kinywaji kwa mpira mwembamba uliosafishwa kwenda kwenye dumu lenye mrija wa gesi, na lijae karibu na shingo. Tangu hapa hewa ni adui. Bakteria wa siki wanahitaji hewa, na wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu ndio wanaowabeba. Mmoja akizama, unaweza kupoteza dumu zima.

Baada ya wiki 3 au 4 mashapo yatakuwa yamejaa chini. Hamisha tena, ukiyaacha mashapo, na urudie baada ya miezi miwili. Kila uhamishapo, mvinyo unatakata kidogo. Hapa hakuna kazi ya mikono, ni kungoja tu, na ndipo wengi wanapoharibu kwa kufungua kila jioni kuonja. Mvinyo wa nanasi wa mwezi mmoja una ukali wa hamira. Uleule ukiwa na miezi sita ni kinywaji kingine.

Usitie chupani mpaka haidromita isome namba ileile, kati ya 0.990 na 0.998, kwa wiki mbili mfululizo. Asilimia ya kilevi unaipata kwa kutoa kipimo cha mwisho kwenye cha kwanza na kuzidisha kwa 131: ikiwa 1.072 imeshuka mpaka 0.992, ni 0.080 mara 131, asilimia 10 na nusu. Mvinyo huo utakuwa mkavu. Kama unaupenda mtamu, tia sukari kwenye jagi wakati wa kunywa. Kuutamusha ndani ya chupa bila sobeti na salfaiti, vihifadhi vya kuizuia hamira isiamke, ni kuanzisha upya yale yaliyolivimbisha dumu lako, na safari hii ndani ya kioo. Na ukitumia salfaiti, mwambie mgeni mwenye pumu. Wengine huwabana kifua.

Kwa pichi badilisha machache: asidi yake ni ndogo kuliko ya nanasi, kwa hiyo malimao 3, na pektini yake ni nyingi, kwa hiyo pektinesi si ya kukosa. Harufu yake ni hafifu, tumia makopo 4 badala ya 3 na upunguze sukari kwa hesabu ileile. Kwa maoni yangu pichi ndilo tunda linalostahili kopo. Mabichi hupatikana Lushoto kwa msimu tu na huharibika haraka, wakati makopo yapo mwaka mzima. Mananasi ni kinyume chake. Ungekuwa bado hujanunua makopo, ningekwambia uyaache, ununue mananasi ya Kiwangwa yaliyoiva vizuri: ni rahisi zaidi na mvinyo wake una harufu ambayo hakuna kopo linaloweza kuirudisha. Ila makopo unayo na tarehe inakimbia, basi yatumie.

Kunywa nyumbani na jamaa ni jambo moja, kuuza dukani ni jingine. Kwa kuwa una duka utashawishika. Kutengeneza pombe ya kuuza kunahitaji leseni, na bidhaa inapaswa kupimwa. Nenda ofisi ya biashara ya halmashauri kabla ya chupa ya kwanza kuvuka kaunta. Wasomaji walio nje nao wana sheria zao: Uingereza mvinyo wa matumizi ya nyumbani hauhitaji leseni mradi hauuzwi, sheria ya shirikisho Marekani inaruhusu galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja na 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, tena bila kuuza, na walio Saudia au Kuwait wasithubutu, huko ni jela.

Limebaki dumu lako la zamani. Linuse kwanza. Likinuka siki, liache liwe siki: litoe kwenye dumu, liongeze maji kiasi chake, lifunike kwa kitambaa, lipate hewa, na litakufaa kwa kachumbari. Likiwa na ukungu wa rangi juu, mwaga. Likiwa tamu tu, na ile harufu ya mayai imepungua, lina tumaini. Mimina kwa nguvu kutoka ndoo hadi ndoo mara kadhaa. Kisha amsha hamira ya mvinyo katika nusu lita ya juisi isiyo na kihifadhi. Ikishatoa povu la nguvu, iongezee nusu lita ya kinywaji chako pamoja na maji kiasi hicho hicho yaliyochemshwa na kupoa. Subiri povu lirudi, ongeza lita moja ya kila kimoja, subiri tena, mpaka kinywaji chote kiishe, halafu uongeze maji ya namna hiyo mpaka jumla ifike lita 12 hivi, ukitia malimao 5 na chakula cha hamira njiani. Ladha ya nanasi itakuwa nyembamba, maana tunda lilikuwa la lita 5. Kopo moja la ziada kwenye kitambaa litasaidia bila kuharibu hesabu. Usimimine hamira mpya moja kwa moja kwenye dumu zima. Itazama kwenye kilevi na shira kwa pamoja, na itakufa kabla ya asubuhi.